Nta, Vumbi na Harusi ya Sigino

Siku mliyoniaga, kila aliyesimama kuzungumza alinisifu kwa jambo ambalo sikulifanya. Mmoja alisema sikuwahi kukasirika. Mwingine akasema nilikuwa nafika kazini kabla ya jua kuchomoza, na mimi nilikuwa nimekaa pale mbele na keki mdomoni, siwezi hata kukanusha. Ndiyo maana nimeona niandike mwenyewe, vijana wangu, kabla hamjanifanya mtakatifu. Mambo ya mshahara siyagusi. Waliokuwa wakiyajua ni mimi na mume wangu, na mume wangu hakuwa akiyajua yote.

Sikuanzia kwenye magari. Nilianzia sakafuni. Niliteremka kutoka kwetu juu, upande wa Mbulu, nikiwa msichana, nikapata kazi ya usafi kwenye nyumba ya wageni ya masista hapa Babati mjini. Korido zake zilikuwa za saruji nyekundu, na kila Jumamosi nilipiga magoti nikazipaka nta ya kopo, kisha nikazisugua kwa kipande cha blanketi kuukuu. Sista msimamizi alinifundisha neno moja tu, tena kwa ukali: kidogo. Paka kidogo. Nta ikiwa nene haing'ai, inanata, na inashika uchafu wa kila kiatu kinachopita. Alikuwa akisimama nyuma yangu na kunirudia neno hilo kama anasali rozari.

Jumamosi moja akaingia mwanaume mrefu aliyevaa ovaroli yenye madoa ya rangi zote. Alikuja kuchukua ufunguo wa gari la mgeni mmoja, likapakwe rangi. Hatua ya kwanza alikanyaga vizuri. Ya pili miguu ikatangulia, mwili ukabaki nyuma, akakaa chini kwa kishindo mpaka sista akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mimi nilisimama na blanketi langu, nikijua kazi imekwisha.

Yule bwana hakuinuka. Alipitisha kiganja sakafuni, akakinusa.

"Nani amepaka hapa?"

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Umepaka mara ngapi?"

"Mara mbili. Nyembamba."

"Ya kwanza uliiacha ikauke kwanza?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe binti, hii ni kazi unalipwa au umepewa malipizi ya dhambi?"

Huyo ndiye Fundi Elia, Mlutheri kutoka Singida, aliyeanzisha uwanja huu mnaofanyia kazi leo kwenye barabara ya Dodoma, kabla hujafika Bonga. Alisema nifike kwake Jumatatu. Halafu akaomba tumsaidie kusimama, mimi mkono huu na sista mkono ule.

Jumatatu nilifika nimevaa gauni la kanisani, kwa ujinga. Wanaume waliokuwa pale wakipuliza rangi na kupiga msasa waliniona, wakadhani nimeleta chakula. Mmoja akaagiza chai ya maziwa na chapati. Nikamwambia inakuja. Akasubiri mpaka jua linazama, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniagiza chai tena.

Nilidhani nitakabidhiwa kopo la nta siku hiyo hiyo. Nilikabidhiwa ndoo. Fundi Elia aliamini kwamba nusu ya kupaka nta ni kuosha, na nusu iliyobaki ni kuosha tena. Ndoo moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, na ole wako uzichanganye. Kitambaa kikianguka chini hakirudi kwenye gari, hata kama kimeanguka kwa bahati mbaya, hata kama hakuna aliyeona. Yeye alikuwa anaona. Angekuwa ndani ya gari, kichwa chini ya usukani, na bado angesema, "Paskalina, hicho kimeshakuwa cha kufutia matairi."

Baada ya kuosha na kukausha, alinipa mfuko mwembamba wa mkate, akaniambia niuvae mkononi kama glovu na nipitishe vidole juu ya boneti. Jaribuni na nyinyi. Gari mnaloliona safi mtalisikia lina chembechembe kama ngozi ya paja kwenye baridi. Hizo ni chembe za vumbi, utomvu wa miti, na zile zawadi tunazodondoshewa na ndege wa ziwani. Ukipaka nta juu yake, umezifungia ndani. Zamani tulizitoa kwa subira na mafuta ya taa kidogo sana, kisha tunaosha upya. Siku hizi kuna lile donge la udongo laini linaloletwa kutoka Arusha, unalitelezesha juu ya maji ya sabuni, linaondoka na uchafu wote. Likianguka chini, litupe. Najua ni la bei. Litupe.

Ndipo inakuja nta, au waksi kama mnavyosema nyinyi. Rafu ya Fundi Elia ilikuwa na aina tatu, na kila aina alikuwa ameipa jina. Ile ngumu ya kopo, inayotokana na majani ya mti wa huko mbali unaofanana na mnazi, aliita Ibada ya Kwanza, kwa sababu ni ndefu, inachosha, na ukitoka umetakata. Ile ya majimaji ya chupa, ya kutengenezwa kiwandani, inayokaa miezi mingi kuliko ya kopo ingawa haina ule mng'ao wenye kina, aliita Ibada ya Pili. Na ile ya kupuliza na kufuta, inayoisha baada ya mvua chache, aliita Salamu Maria Moja. Mimi Mkatoliki nilinuna siku hiyo nzima. Kesho yake nikaandika LUTHERI kwa kalamu nene kwenye dumu la maji machafu. Aliliangalia, akalitumia. Tukawa marafiki.

Namna ya kuchagua alinifundisha hivi, na sijaona sababu ya kubadilisha. Gari jeusi au jekundu la mtu anayelipenda, linalolala ndani: ya kopo. Gari la mizunguko, la kwenda Kondoa na kurudi, linalolala nje: ya chupa. Mtu mwenye haraka: ya kupuliza, na umweleze ukweli. Nta zenye dawa ya kukwaruza ndani yake, zile zinazonukia kama mafuta ya taa na kuacha rangi ya gari kwenye kitambaa, ni za rangi ya zamani iliyopauka tu. Usiziguse kwenye gari lenye klia nzima, yaani ule utando mgumu unaong'aa juu ya rangi, maana utaula. Na gari lililotoka kupulizwa rangi leo usilipake chochote. Rangi mpya inatoa pumzi kwa wiki kadhaa. Ukiifunika mapema itakutia aibu. Mteja akibisha, mwambie ni kama kumvika mtoto aliyetoka kuoga koti la mvua.

Kupaka kwenyewe ni kule kule kwa sista. Kivulini, boneti isiwe ya moto; weka mgongo wa kiganja, ukiutoa haraka, subiri. Sponji laini, nta kiasi cha kunde, sehemu ndogo ndogo. Iache ipate ukungu mweupe. Pitisha kidole: ukungu ukitoka na kuacha mstari safi, futa, ukiburuta na kupaka matope, bado. Halafu geuza kitambaa, futa tena. Kwenye plastiki nyeusi za bampa usipitishe, zitabaki na madoa meupe na utazisugua kwa mswaki huku mteja anakuangalia.

Niliolewa, nikamzaa Tumaini, tukaanza kujenga kule Nakwa, na kazi ikaendelea. Hapo ndipo anapoingia Stivu. Ndiyo, huyo huyo mnayemwita bosi. Ameniruhusu niandike lolote, akidhani nimezeeka na nimesahau.

Stivu alifika Babati kijana, mwembamba, kutoka Arusha, na mashine ya presha na mdomo. Alifungua sehemu ya kuoshea magari ng'ambo ya barabara, tukawa tunatazamana. Alikuwa na dawa yake aliyoiita Kioo. Ilikuwa dizeli, mafuta ya kupikia, na kitu cha tatu alichokataa kukitaja ila kilinukia kama mafuta ya nywele. Alikuwa anaipaka gari zima kwa dakika chache, na nakiri, gari lilikuwa linang'aa mpaka unafumba macho. Watu wakaanza kuvuka barabara. Wateja wetu wa miaka walipita mbele yetu wakijifanya wanaangalia mlima Kwaraa.

Kiwanja chetu kilikuwa cha Mzee Tarmo, mzee wa kutoka kwetu milimani aliyekuwa na mashamba ya alizeti Sigino. Maneno yake yalikuwa machache na aliyatoa taratibu, kama mtu anayechagua mbegu. Stivu alikuwa ameshamfuata kuomba kiwanja chote, cha kwetu. Siku moja mzee akaja, akasimama kati ya magari.

"Elia. Magari ya huyu kijana yanang'aa kuliko yako."

"Yanang'aa, Mzee," Fundi Elia akajibu. "Hata samaki wa kukaanga anang'aa."

Mzee Tarmo hakucheka. "Mimi naamini macho. Veronika wangu anaolewa, kanisani kule kule Sigino. Gari la kumpeleka bibi harusi kanisani tengeneza wewe. Lile la bwana harusi, litakalowaleta wote wawili ukumbini huku mjini, atatengeneza Stivu. Harusi ikipita, tutazungumza habari ya kiwanja."

Alipoondoka, Fundi Elia alikaa juu ya tairi muda mrefu. Hakuwa na pengine pa kwenda. Sisi nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta, na mume wangu alikuwa ameteguka mkono kwenye kazi yake ya uashi. Nilifanya hesabu zangu kichwani nikaziacha, maana zilikuwa hazifiki mahali. Na kama vile haitoshi, wiki ya harusi homa ikamlaza fundi kitandani. Akaniita kwake.

"Fanya wewe."

"Fundi, gari jeusi?"

"Jeusi. Na usinitazame hivyo, mimi naumwa homa, sijafa."

Nyote mnajua gari jeusi ni kazi ya roho mbaya. Kila mchirizi unaonekana. Nililiosha, nikalipitisha kwenye mfuko wa mkate, nikasafisha chembe moja moja, nikapaka ya kopo nyembamba mpaka mke wa fundi, aliyekuja kunichungulia, akauliza kama kweli nimeweka kitu. Kesho yake nikapaka ya pili. Nilipomaliza, nilijiona mle ndani ya mlango mpaka vinyweleo. Nikaona pia kwamba nywele zangu zinahitaji kusukwa kabla ya harusi.

Asubuhi ya harusi nilivuka barabara kumsalimia Stivu. Gari lake lilikuwa jeupe, limeshafungwa riboni, na alikuwa analimwagia Kioo juu ya kila kitu, na riboni zenyewe zikiwemo, mpaka zikawa na rangi ya karatasi iliyofungiwa maandazi.

"Stivu," nikamwambia kwa nia njema kabisa, "barabara ya Sigino ni vumbi."

"Dada, vumbi linaiogopa Kioo."

"Una uhakika?"

"Dada yangu, wewe baki na ndoo zako."

Nikalizunguka gari lake taratibu. "Basi hapa mlangoni naona pamepauka kidogo."

Akaongeza.

"Na kwenye buti?"

Akaongeza na kwenye buti. Nilikuwa nimeshamwonya mara moja. Kumwonya mara ya pili ingekuwa kumdharau.

Niliporudi kwetu nikamkuta mpambaji, Mama Neema, amesimama mbele ya gari langu jeusi na mikono kiunoni. Alikuwa amebandika riboni kwa tepu kwenye boneti. Riboni zilikuwa zinateremka zenyewe, polepole, kama watu wanaotoka kwenye mkutano uliowachosha.

"Hili gari mmelipaka nini? Mlenda?"

"Nta, mama."

"Nipe spiriti niifute. Tepu yangu haishiki."

Nilisimama kati yake na boneti. Mama Neema ni mwanamke mkubwa na mimi si mkubwa, lakini nilimwambia akigusa hiyo boneti kwa spiriti atanifuta na mimi. Tukatazamana. Halafu nikafungua boneti, nikazipitisha riboni ndani, nikazifunga kwenye vyuma, nikaifunga boneti juu yake. Zikakaza kama ngoma. Mama Neema akazivuta, hazikutoka. Akaniambia nina kiburi, kisha akaniazima kilemba chake cha akiba, maana alisema siwezi kwenda harusini na kichwa kile.

Kwenda harusini ilikuwa lazima. Sikuwa nimealikwa, lakini gari langu lilikuwa limealikwa. Nikamwambia dereva mimi ni shangazi yake bibi harusi kwa upande wa mama, nikakaa kiti cha mbele. Tulipofika kwa Mzee Tarmo, Veronika akaingia nyuma na shela lake, akaniangalia, akasema, "Shikamoo shangazi." Nikaitikia marahaba, mwanangu. Kumbe alikuwa na mashangazi wengi kiasi hicho.

Ilikuwa kiangazi, na barabara ya kutoka kwao mpaka kanisani ilikuwa unga mtupu. Mbele yetu walitangulia wapiga matarumbeta kwenye pikapu, wakatufunika. Tuliposhuka kanisani gari langu lilikuwa la kijivu. Siwadanganyi, vijana: nta haizuii vumbi kutua. Inalizuia kuota mizizi. Lakini gari jeupe la Stivu lilikuwa limefika kabla yetu likitokea mjini, na lenyewe halikuwa la kijivu. Lilikuwa na manyoya. Vumbi lilikuwa limeishika ile dawa, likavutana, likasimama, gari zima likawa kama kifaranga wa siku ya kwanza, ila wa rangi ya kahawia.

Bwana harusi alikuwa ameshuka humo na suti ya rangi ya krimu, na wakati wa kushuka aliegemea mlango. Hakuna aliyemwambia. Walipopiga magoti mbele ya padre, kanisa zima, kuanzia kwaya mpaka bibi wa benchi la nyuma, likaona doa la matope ya mafuta, kubwa kama kiganja, limetulia pale pale mtu anapokalia. Kwaya ilishindwa ubeti wa pili. Padre alifikiri wameguswa na ibada.

Mimi niliondoka kabla ya mahubiri. Nje kulikuwa na katoni za maji ya kunywa ya wageni, kwenye kivuli. Nikachukua chupa kubwa, nikapanda kwenye kizingiti cha mlango wa gari, nikaanza kumwaga juu ya paa. Sikugusa kwa kitambaa. Kufuta vumbi kavu ni kuikwaruza rangi. Nilimwaga tu. Maji yakajikusanya kuwa shanga, shanga zikakimbia, na kila iliyokimbia ikaondoka na vumbi lake. Nikamwaga kwenye boneti, nikamwaga milangoni. Gari likarudi jeusi mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimeanza kuimba nilipogeuka nikamkuta Mzee Tarmo amesimama na simu sikioni, ambayo haikuwa na mtu upande wa pili. Wazee nao huchoka na mahubiri.

"Unafanya nini?"

"Shikamoo Mzee. Naosha."

"Bila kusugua?"

"Bila kusugua."

Akashusha simu. Akanyoosha mkono, akachukua chupa mwenyewe, akamwaga kidogo kwenye buti, akayaangalia maji yakikimbia. Akamwaga tena. Nina hakika alimwaga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Stivu, aliyekuja na gari lake kutoka mjini, alikuwa ametuona. Akaja mbio, akachukua chupa mbili, akalimwagia gari lake. Hapo, ndugu zangu, ndipo lile vumbi lilipopata kitu lilichokuwa linakosa ili liwe matope. Likaanza kuteremka kwa michirizi minene, likapita kwenye vioo, likajaa kwenye riboni. Akajaribu kulifuta kwa shati lake. Shati likanata. Alisimama pale kifua wazi, Jumamosi mchana, mbele ya nyumba ya Bwana, na kengele zikaanza kulia.

Veronika alitoka na mume wake, wakamwagiwa mchele na maua, akaangalia yalipo magari.

"Letu ni lipi?"

"Lile jeupe," akasema msimamizi.

"Jeupe lipi?"

Veronika akashika shela lake, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye gari jeusi, akafungua mlango mwenyewe, akaingia. Mumewe akamfuata, na alipopita ndipo mama yake mzazi alipoona ile suti kwa nyuma akapiga yowe ambalo wapiga matarumbeta walidhani ni ishara ya kuanza. Shangazi wa bandia niliachwa bila kiti. Nilirudi mjini ndani ya gari la manyoya, pamoja na Stivu. Njia nzima hakusema neno. Mimi nilisema machache, yote mazuri, kuhusu alizeti.

Wiki iliyofuata Mzee Tarmo alikuja uwanjani, akatuita wote. Fundi Elia alikuwa ameshapata nafuu, amejifunika blanketi, ananiomba kwa mara ya kumi nimweleze tena ile sehemu ya kifua wazi.

"Elia, kiwanja ni chako," mzee akasema. Nikapumua. "Lakini Mama Tumaini anajua kazi na watu wanamwogopa. Huyu kijana hajui kazi na watu wanampenda. Sasa atahamia upande huu. Mama Tumaini atamfundisha."

Stivu akasimama. "Mzee, mimi nifundishwe na mwanamke?"

"Hapana," mzee akasema. "Nimesema Mama Tumaini."

Kusema kweli, mimi ndiye niliyekasirika zaidi. Nilikuwa nimeshinda, nami zawadi yangu ikawa ni huyu. Lakini Fundi Elia alinikonyeza, na kesho yake asubuhi nikampa Stivu ndoo mbili. Alizichanganya. Akaangusha kitambaa, akakiokota, akaangalia kushoto na kulia. Nilikuwa ndani ya gari, kichwa chini ya kiti. "Hicho," nikasema, "ni cha matairi." Alinichukia kwa msimu mzima wa mvua. Halafu siku moja nikamkuta amemaliza gari jekundu la mwalimu mmoja, amesimama peke yake, ananyunyizia maji boneti kwa kidole na kuyaangalia yakikimbia, huku anacheka mwenyewe kama mtoto. Nikarudi nyuma bila kumwambia kitu. Tangu hapo nilijua hatoki.

Mengine mnayajua. Yeye alizungumza na wateja, mimi nilizungumza na magari. Fundi Elia alirudi kwao Singida uzeeni, na alipofariki tulisafiri kumzika; Stivu alilia kuliko mimi, jambo lililoniudhi njia nzima ya kurudi. Kisha uwanja ukawa chini yake, akaweka bati jipya na kibao, na akaanza kuitwa bosi na nyinyi ambao hamkumwona kifua wazi.

Siku yangu ya mwisho aliniomba nimpakie nta gari lake, hili jeupe analoendesha siku hizi, kwa heshima. Nikaliosha kwa sabuni ya vyombo, ile ninayowakataza, kwa sababu inavua nta yote ya zamani. Kisha nikachukua tepu ya karatasi tunayozibia vioo wakati wa kupuliza rangi, nikakata herufi, nikazibandika kwenye boneti. Nikapaka nta juu, nikafuta, nikazibandua. Kwenye gari jeupe kavu huoni kitu. Nikamkabidhi ufunguo, mkanipa keki, nikaenda nyumbani Nakwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, simu yangu ikaita.

"Mama Tumaini. Gari langu linaandika."

"Linaandika nini?"

"Limeandika NAKUONA. Kwenye boneti. Niko nalo hapa barabarani, watu wanapiga picha."

"Pole sana. Jua likitoka litaacha."

Miezi ikapita. Nta huisha, hata yangu. Asubuhi moja Stivu alikuja kwangu na kopo, sponji na tepu ya karatasi kwenye mfuko. Nilidhani ananidai nifute. Akasema herufi zimeanza kufifia, na kwamba vijana amewakataza kuigusa boneti ile, lakini mvua za juzi zimesomeka NAKU tu. Nikamwambia mikono yangu imestaafu, aifanye mwenyewe, anajua. Nikaingia jikoni kumpikia chai. Nilichelewa, kuni zilikuwa mbichi, na nilipotoka nilimkuta yuko kwenye geti langu, lile la bati nene la rangi ya bluu, analifuta kwa kitambaa na kuligeuza kama nilivyomfundisha. Nikamuuliza geti langu limekosa nini. Akasema lilikuwa na vumbi. Akanywa chai, akaniaga, akaenda.

Juzi mvua ikaja mchana, ile nzito ya kutokea Kwaraa. Nikachukua mwavuli, nikatoka nje, nikasimama barabarani nikaliangalia geti langu. Maji yalikuwa yanakimbia kwa shanga pande zote, na katikati, yalipotandaa, yalikuwa yameandika kwa herufi kubwa, zilizonyooka, bila mchirizi hata mmoja: SHIKAMOO.

Jirani yangu alikuwa anaanua nguo. Alinisikia nikisema kwa sauti, akauliza nazungumza na nani kwenye mvua yote ile. Nilisema tena, kwa kuwa mara ya kwanza ngurumo ilinifunika.

"Marahaba."